Wakili aliponyamaza: miezi kumi na moja ya kesi yangu ya kufilisika Ohio

Januari 2024 nilitia saini mkataba na wakili wa kesi za kufilisika hapa Columbus, Ohio. Nilikuwa nadaiwa dola 27,400. Zaidi ya nusu ni hospitali: nilipasuliwa nyongo katika kipindi ambacho nimeacha kazi moja na bima ya kazi mpya haijaanza. Zilizobaki ni kadi tatu za mkopo, na sehemu kubwa ya pesa za kadi hizo ilikwenda Tanga wakati mama anaumwa. Mama alifariki, deni likabaki. Sioni aibu kuliandika hilo, na ningelifanya tena.

Ninachoandika hapa ni habari ya wakili aliyechukua pesa zangu halafu akanyamaza, na ya namna nilivyomwachia kimya hicho kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Wapo Waswahili wengi katika miji hii ya Marekani wanaopita njia hii kwa kificho, kwa sababu neno lenyewe, kufilisika, linatutia haya. Matokeo yake kila mmoja anarudia kosa la mwenzake.

Wakili aliniambia ada yake ni dola 1,400, na ada ya mahakama kwa kesi ya Sura ya 7, ile aina ya kufilisika ya kufutiwa madeni, ni dola 338. Akasema hatafungua kesi mpaka nimalize kulipa. Baadaye nilijua kwamba hilo ni la kawaida kwa mawakili wa Sura ya 7, kwa sababu wakifungua kesi kabla, ada wanayodai nayo huingia kwenye madeni yanayofutwa. Nikatoa dola 300 siku ile, na kila nikipata mshahara napeleka kidogo. Tarehe 22 Januari nikafanya kozi ya ushauri wa madeni kwenye mtandao, ile ambayo sheria inataka ufanye kabla ya kufungua kesi. Nikaituma hati yake ofisini, nikatulia. Moyoni nilijihesabu niko chini ya mwavuli.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na ndilo lililonigharimu zaidi. Kumlipa wakili si kufungua kesi. Zuio la kisheria linalowakataza wadai kukusumbua, kukushtaki na kukukata mshahara huanza siku karatasi zinapopokelewa mahakamani na kupewa namba. Kabla ya siku hiyo huna namba, na wadai wako wanaendelea na shughuli zao kana kwamba wakili hayupo.

Machi nikaletewa samansi. Kampuni moja ya kadi imenishtaki mahakama ya manispaa, na karatasi inasema nina siku 28 za kujibu. Nikaichukua mpaka ofisini kwa wakili, nikampa katibu mkononi. Akasema, "Usijali, tutashughulikia." Sikuomba anipe karatasi yoyote ya kuonyesha ameipokea, wala sikuuliza nani atashughulikia, kwa namna gani, lini. Siku 28 zikapita hakuna aliyejibu. Ikatoka hukumu ya upande mmoja, na tarehe 14 Juni nikafungua salari slipu yangu nikakuta wamekata dola 310. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na mshahara wa wiki mbili baada ya makato ya kodi ulikuwa dola 1,240. Wamechukua robo yake, kiwango cha juu ambacho sheria ya shirikisho inaruhusu kwa deni la kawaida. Nilikaa kwenye gari nje ya kazi saa moja asubuhi nikihesabu kodi ya nyumba kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Walikata mara nne kabla kesi haijafunguliwa: dola 1,240, mshahara mzima wa wiki mbili.

Na pesa ya wakili nilikuwa nimeshaimaliza tarehe 10 Mei.

Baada ya tarehe hiyo nilipiga simu mara 23. Nina hakika na idadi kwa sababu mdogo wangu, tukizungumza WhatsApp, aliniambia, "Dada, andika. Kila ukipiga, andika." Nikanunua daftari. Mara nyingi ilipokea sauti ya mashine. Mara kadhaa katibu alipokea akasema wakili yuko mahakamani. Mara mbili walinipigia wao: mara ya kwanza kuomba salari slipu ambazo nilishazituma, mara ya pili kuomba hizo hizo tena.

Kwa nini sikufanya kitu zaidi ya kupiga simu? Nimejiuliza sana. Kwetu tumelelewa kwamba mtu mwenye elimu yake humsumbui. Daktari akisema subiri, unasubiri. Ukienda ofisi ya mkubwa unakaa kwenye benchi mpaka uitwe, na ukilalamika unaonekana huna adabu, pengine faili lako linawekwa chini kabisa. Nilikuja na adabu hiyo mpaka Ohio. Niliogopa nikimkasirisha ataniharibia kesi. Lakini kesi haikuwa inaharibiwa na hasira zake. Iliharibiwa na kalenda, na kalenda ya mahakama haina habari kama wewe ni mpole au mkali.

Tarehe 29 Julai katibu akanitumia ujumbe: cheti cha kozi kimekwisha muda, fanya nyingine leo. Cheti kile kinatakiwa kiwe cha ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi. Changu cha Januari kilikufa kikiwa ndani ya faili lao. Nikailipia kozi mara ya pili, nikaifanya usiku kazini wakati wa mapumziko. Kesho yake wakaniletea kwenye simu karatasi za kesi nitie saini kwa kidole. Zilikuwa kurasa 58. Nilikuwa sijalala, na walisema zinahitajika kabla ya saa kumi jioni. Nikagusa palipoandikwa saini mara kumi na kitu bila kusoma. Kesi ikafunguliwa tarehe 31 Julai.

Zile karatasi unazisaini kwa kiapo. Ukisema uongo humo ni kosa la jinai, na "wakili ndiye aliyejaza" si utetezi.

Hata baada ya kufungua, mshahara wa Agosti ulikatwa tena. Kumbe hakuna aliyempa taarifa mwajiri wangu. Safari hii sikusubiri: nilichapisha ile taarifa ya mahakama iliyokuja kwa posta yenye namba ya kesi, nikaipeleka mwenyewe kwa watu wa mishahara, na nakala nikaituma kwa mawakili wa ile kampuni ya kadi. Ndani ya wiki pesa ile ya Agosti ikarudi. Ilinichukua nusu saa na stempu moja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba mkono wangu nao unafika.

Kisha ukaja mkutano wa wadai, tarehe 4 Septemba, kwa Zoom. Watu hapa wanauita "mia tatu arobaini na moja" kutokana na kifungu cha sheria. Jina linatisha kuliko shughuli yenyewe. Wadai kwa kawaida hawaji, na hakuna jaji. Yupo mfilisi, yaani mtu aliyeteuliwa kusimamia kesi na kutafuta kama una mali ya kuuza ili wadai walipwe. Anakuapisha, anauliza maswali, na kwa kesi nyingi inakwisha kwa dakika chache.

Nilikaa jikoni na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Wakili wangu hakutokea. Akatokea mtu mwingine, mwanamume ambaye sijawahi kumwona, akajitambulisha kuwa anamwakilisha. Jina langu alilitamka vibaya. Mfilisi akauliza kama nilizisoma karatasi kabla ya kusaini. Nikasita. Akauliza kama kila mali yangu imeorodheshwa. Halafu akauliza, taratibu, kama nina chochote nje ya Marekani: nyumba, ardhi, akaunti, urithi.

Kuna shamba la minazi Pangani. Ni la marehemu baba. Halijagawanywa, mirathi haijafunguliwa, kaka yangu ndiye anayeliangalia, na nazi zikiangushwa anagawa anachogawa. Katika maisha yangu sikuwahi kusema "shamba langu". Ila nilikuwa nimekula kiapo dakika tano zilizopita, nikamwambia. Kiingereza changu cha kazini kinanitosha kabisa, lakini kueleza mirathi ya Kiislamu na shamba la wanandugu sita mbele ya mfilisi kilinipiga chenga. Yule wakili wa kuazima alikuwa anaangalia pembeni. Mfilisi akaahirisha mkutano mpaka tarehe 2 Oktoba na kuagiza karatasi zirekebishwe.

Mkutano ulipofungwa nikatetemeka mikono. Nilitetemeka kwa sababu nilijua kwamba swali la shamba ningelimuuliza wakili mwenyewe Mei, Juni, Julai, kama angepokea simu hata mara moja. Sheria inataka uorodheshe haki yoyote uliyonayo katika mali yoyote, popote ilipo duniani. Fomu inauliza hata zawadi za zaidi ya dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili iliyopita, na sisi tunaotuma pesa nyumbani tunaivuka hiyo bila kufikiri. Kama unacheza upatu na zamu yako ya kupokea haijafika, hiyo nayo ni mali yako, itaje. Wakili wa hapa hawezi kuwazia upatu au shamba la ukoo asipokuuliza, na hawezi kukuuliza kama hazungumzi nawe.

Nilikuwa sijui pia kwamba kwenye mkutano ule una haki ya mkalimani kwa simu, bure. Serikali ndiyo inayolipa, kupitia ofisi ya Wizara ya Sheria inayosimamia kesi hizi. Kiswahili kipo. Unaomba mapema. Hakuna aliyeniambia.

Tarehe 9 Septemba, nikitoka zamu, sikwenda kulala. Nilikwenda mahakama ya kufilisika, mtaa wa High, katikati ya mji. Nilidhani watanifukuza. Karani wa masjala aliniambia kwa upole kwamba haruhusiwi kunipa ushauri wa kisheria, lakini jalada la kesi yangu naweza kulisoma, lile pale kwenye kompyuta ya wananchi, bure kusoma, senti 10 kwa ukurasa ukitaka kuchapisha. Nikaketi. Nikaandika namba yangu. Na mbele ya macho yangu, kwa tarehe, kila kitu kilichofanyika na kisichofanyika katika kesi yangu kikajipanga mstari kwa mstari. Laiti ningelijua hilo mapema. Miezi nilikuwa napiga simu kumuuliza mtu kitu ambacho kimeandikwa wazi mahali ninapoweza kufika kwa basi.

Mstari mmoja ulisema salari slipu za siku 60 kabla ya kufungua kesi hazijawasilishwa. Ni zile nilizozituma mara mbili kwa barua pepe na mara moja kwa mkono. Karatasi za aina hiyo zisipowasilishwa ndani ya siku 45, kesi inafutika yenyewe siku ya 46, bila jaji kusema neno. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani pale masjala. Zilibaki siku tano. Na kesi ikifutika, ukifungua nyingine ndani ya mwaka, zuio linadumu siku 30 tu mpaka uiombe mahakama iliongeze.

Nikachapisha ukurasa ule. Nikapanda basi mpaka ofisi ya wakili nikiwa bado nimevaa sare ya kazi. Nikamwonyesha katibu mstari, nikamwambia, "Nitakaa hapa mpaka ziingie, na nitaomba karatasi yenye muhuri wa kupokelewa." Sikupandisha sauti. Nilikaa saa tatu nzima kwenye kiti kilekile. Saa sita na robo mchana akanipa nakala iliyopokelewa na mahakama. Wakili sikumwona, ingawa nilisikia sauti yake nyuma ya mlango.

Usiku huo nikaandika barua. Fupi, nusu ukurasa: namba ya kesi, tarehe za simu zangu kutoka kwenye daftari, maswali matatu, na siku saba za kujibu. Nikaituma kwa barua pepe na kwa rejista. Barua ya namna hiyo ina faida hata isipojibiwa, kwa sababu inageuza malalamiko kuwa ushahidi. Haikujibiwa.

Wakati nasubiri zile siku saba nilitafuta wakili mwingine. Shirika la msaada wa kisheria halikuweza kuchukua kesi iliyokwisha kufunguliwa, lakini walinipa majina. Kwa kila niliyempigia niliuliza mambo niliyotakiwa kuuliza Januari: nani hasa atakaa nami kwenye mkutano, nikipiga simu nani anajibu na baada ya siku ngapi, na je, tutazisoma karatasi pamoja kabla sijasaini. Mmoja alicheka. Nikamshukuru nikakata simu. Mama mmoja mtu mzima alijibu yote bila kukwepa, akataka dola 600 kumalizia kesi. Zilinitoka kwa uchungu, maana nilikuwa nalipia kazi ileile mara ya pili, lakini usiku ule nililala.

Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu ada. Kila wakili wa kufilisika anatakiwa aiambie mahakama kwa maandishi amelipwa kiasi gani na kwa kazi zipi, na karatasi hiyo imo ndani ya jalada. Yangu ilisema dola 1,400 zinajumuisha kuandaa karatasi na kuhudhuria mkutano wa wadai. Kifungu cha 329 cha sheria ya kufilisika kinampa jaji uwezo wa kupima kama ada inalingana na kazi, na kuagiza irudishwe ikiwa imezidi. Wakili mpya akamwandikia wa kwanza barua akitaja kifungu hicho. Kabla shauri halijafika kwa jaji, wakili wa kwanza akarudisha dola 700 na faili langu lote. Faili ni la mteja, hata kama mmegombana.

Nilipeleka pia lalamiko rasmi. Ohio hupelekwa kwenye ofisi ya nidhamu ya mawakili iliyo chini ya Mahakama ya Juu ya jimbo, au kwenye kamati ya chama cha mawakili cha eneo lako. Halina malipo. Kanuni ya 1.4 ya maadili yao inamtaka wakili amweleze mteja kesi inavyokwenda na kumjibu anapouliza mambo ya msingi. Nilisita kulipeleka, nikihisi nakata riziki ya mtu. Nikawafikiria wateja wengine walioko kwenye mashine yake ya simu. Ila lijue hili: lalamiko halisimamishi tarehe yoyote ya kesi yako, na kazi yake si kukurudishia pesa. Okoa kesi kwanza, lalamika baadaye.

Tarehe 2 Oktoba mkutano ulirudiwa. Wakili mpya alikuwa amekaa nami saa mbili tukipitia kurasa zote, akaingiza shamba, pesa nilizotuma nyumbani, na upatu. Kaka yangu alileta barua ya serikali ya kijiji na picha ya minazi. Mkalimani alikuwa na lafudhi ya Goma, na alipotamka neno "urithi" nilihisi kama mtu kanishika mkono. Mfilisi alisikiliza, akauliza warithi ni wangapi na minazi inaleta kiasi gani kwa mwaka, akaona gharama ya kufuata sehemu yangu Pangani ni kubwa kuliko atakachopata. Akaliacha.

Zile dola 1,240 za mshahara pia zilirudi. Kilichokatwa ndani ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, kikifika dola 600, kinaweza kudaiwa, na wakili mpya alikidai. Wakili wa kwanza hakuwahi kunitajia. Kozi ya pili, ile ya baada ya kufungua kesi, niliifanya wiki hiyohiyo na kuhakikisha kwa macho yangu kwamba cheti kimeingia kwenye jalada, maana bila cheti hicho kesi hufungwa na madeni yakabaki palepale.

Amri ya kufutiwa madeni ilikuja kwa posta Desemba, bahasha nyembamba, karatasi moja pande mbili. Rekodi itakaa kwenye taarifa zangu za mikopo miaka 10. Daftari bado ninalo, limefika ukurasa wa 41.

Mwezi uliopita jirani yangu Mkongomani alinigongea mlango usiku, karatasi za mahakama mkononi. Wakili wake hajibu tangu wiki sita. Sikumpa ushauri wa sheria, sina elimu hiyo. Asubuhi tulipanda basi pamoja mpaka mtaa wa High, akaketi kwenye ile kompyuta, nikamwonyesha pa kuandika namba. Tulichapisha kurasa nne, senti 40. Mkutano wake wa wadai ulikuwa baada ya siku tisa, na hakuna aliyemwambia.